Ngozi ya Karatasi: Gwon Osang na Uzito wa Sanamu za Korea

Mwaka 1992, mafundi waliokuwa wakikarabati kaburi la kale karibu na mji wa Kaesong, Korea Kaskazini, walifukua sanamu ya shaba ya mwanamume aliyeketi, mwili uchi, taji kichwani. Mwanzoni ilidhaniwa kuwa ni Buddha. Wanahistoria walipoichunguza wakamtambua mwenyewe hasa: Wang Geon, mwasisi wa dola ya Goryeo, aliyetawala kuanzia 918 hadi alipofariki 943. Uchi ule haukuwa hali yake ya asili. Enzi za dola yake sanamu hiyo ilipakwa rangi, ikavishwa nguo za hariri, ikapewa heshima na sadaka kama mfalme aliye hai. Shaba ilikuwa kiunzi. Mfalme ambaye watu walimwona na kumwinamia alikuwa rangi na kitambaa.

Alifikaje chini ya udongo? Mwaka 1392 Goryeo iliangushwa, ukaja ufalme wa Joseon uliofuata mafundisho ya Confucius. Kwa watawala wapya, mzee aliyetangulia aliheshimiwa kwa kibao cha mbao chenye jina lake, wala hakuhitaji mwili wa shaba. Basi mwaka 1429, katika utawala wa Mfalme Sejong, sanamu ya Wang Geon ilizikwa kando ya kaburi lake. Hakuna aliyeivunja wala kuitukana. Ilizikwa kwa adabu, kama anavyozikwa mtu. Ikakaa humo zaidi ya miaka 560, rangi ikabanduka, hariri ikaoza, ukabaki uzito mtupu.

Habari za Gwon Osang, msanii wa Seoul anayejenga sanamu za watu kwa mamia ya picha za kamera, kwa kawaida husimuliwa kana kwamba zinaanzia kwenye tangazo la biashara na mwanafunzi mwenye wazo geni. Mimi naona zinaanzia mbali zaidi. Nchi yake ina historia ndefu ya kugawana kazi kati ya vitu vizito na vitu vyepesi, na mara nyingi kilichokuwa chepesi ndicho kilichobeba sura ya mtu.

Joseon ilidumu miaka 500 na ushei. Katika muda huo sanamu zilirudi nyuma hadi kwenye mahekalu ya Kibuddha, mengi yakiwa milimani, na sura za watu wakubwa zikahamia kwenye hariri na karatasi. Wachoraji wa Joseon walikuwa na kanuni kali: ukikosea unywele mmoja, umemchora mtu mwingine. Ndiyo maana picha zao za mawaziri na wasomi zinaonyesha makovu ya ndui, mabaka ya ngozi, jicho lenye kasoro. Mwanzoni mwa karne ya 18 msomi Yun Du-seo alijichora uso wake mwenyewe, ndevu zikipepea moja moja pembeni mwa mashavu, macho yakimkabili mtazamaji bila kupepesa. Ukiitazama unaelewa kwamba Wakorea walikuwa na jicho la kamera kabla kamera haijawafikia.

Ilipowafikia, haikupokewa kwa furaha. Katika miaka ya 1880 watu kama Kim Yong-won, Ji Un-yeong na Hwang Cheol walianza kupiga picha Seoul. Mwaka 1888 ukazuka uvumi kwamba wageni wanaiba watoto na kutumia viungo vyao kutengenezea dawa za kusafishia picha. Hofu ilikuwa kubwa kiasi kwamba wanamaji wa Marekani waliteremshwa kwenda kulinda ubalozi wao mjini. Lakini hofu hiyo haikudumu. Mwaka 1907 Kim Gyu-jin, mwandishi wa hati nzuri aliyefanya kazi kwenye kasri la mfalme, alifungua studio yake Seoul, ikaitwa Cheonyeondang. Baada ya hapo picha iliingia nyumbani, na hatimaye ikaingia msibani. Hadi leo katika mazishi ya Kikorea picha ya marehemu, iliyofungwa utepe mweusi, huwekwa mbele ya waombolezaji ili waiinamie. Wazee wengi hupigwa picha hiyo mapema, wakiwa na afya yao, wamevaa vizuri, wakijua wazi kazi itakayofanya.

Sanamu ya kisasa ilikuja kwa njia nyingine, na kwa mateso zaidi. Aliyeileta ni Kim Bok-jin, aliyezaliwa mwaka 1901. Nchi ikiwa chini ya ukoloni wa Japani, alikwenda kusoma uchongaji katika chuo cha sanaa cha Tokyo mwaka 1920. Mwaka 1924 sanamu yake ya mwanamke ilikubaliwa katika maonyesho ya kitaifa ya Japani. Aliporudi alijiunga na harakati za wasanii wa mrengo wa kushoto, na mwaka 1928 akakamatwa. Alikaa gerezani zaidi ya miaka mitano, na humo akawa anachonga Buddha wadogo wa mbao. Alipotoka alipewa kazi kubwa ya kutengeneza upya Buddha mkuu wa ukumbi wa Maitreya, yaani Buddha ajaye, katika hekalu la Geumsansa, aliyeteketea kwa moto mwaka 1934. Mwaka 1939 akaanza kazi kubwa kuliko zote, Maitreya wa saruji katika hekalu la Beopjusa. Hakuiona ikikamilika. Alifariki mwaka 1940, kabla hajatimiza miaka 39.

Kisha ikaja vita ya 1950 hadi 1953. Seoul ilibadilisha mikono mara nne. Karibu kazi zote za Kim Bok-jin za nje ya mahekalu zilipotea. Hata Maitreya wa saruji, ambaye wengine walimmalizia mwaka 1964, alibomolewa katika miaka ya 1980, na mahali pake pakasimamishwa Maitreya wa shaba mwaka 1990. Sanamu ya kijana aliyesimama wima, mikono imeshuka ubavuni, aliyoionyesha Kim mwaka wa kifo chake, tunaijua kwa picha tu. Mwanzilishi wa uchongaji wa kisasa wa Korea, mtu aliyefanya kazi kwa plasta, mbao na saruji, leo anasomwa vyuoni kwa karatasi za picha nyeusi na nyeupe. Jambo hili limenikaa moyoni tangu nilipolisoma. Plasta imekwenda, karatasi imebaki.

Baada ya vita alikuwepo mwingine wa kutajwa, Kwon Jin-kyu. Alisoma Tokyo, akarudi nyumbani mwaka 1959, akajenga karakana katika mtaa wa Dongseon-dong, Seoul, na humo akafinyanga nyuso za watu kwa udongo wa kuchoma. Pia alifufua ufundi wa kale wa Asia ya Mashariki: vitambaa vya katani hulowekwa utomvu wa mti wa laka, vikapandikwa tabaka juu ya tabaka, na vikikauka vinakuwa ganda gumu lenye uwazi ndani. Sanamu ya namna hiyo ni nyepesi kuliko inavyoonekana. Buddha wa kale waliotengenezwa hivyo waliweza kubebwa na watu wachache wakati wa moto au uvamizi. Lakini wanunuzi wa Seoul ya wakati ule hawakumjali Kwon. Alijiua katika karakana yake Mei 1973, na sifa zikamjia akiwa hayupo.

Gwon Osang alizaliwa Seoul mwaka uliofuata, 1974. Alipoingia idara ya uchongaji ya Chuo Kikuu cha Hongik, uchongaji ulikuwa umekuwa kazi ya misuli na ya mikataba. Sheria iliwataka wajenzi wa majengo makubwa kutenga sehemu ya gharama kwa ajili ya kazi za sanaa, na tangu 1995 takwa hilo likawa la lazima nchi nzima. Mbele ya maofisi na maghorofa yakaota matofali ya graniti, mipira ya chuma cha pua, akina mama wa shaba waliokumbatia watoto. Wanafunzi walifundishwa kuchomea vyuma, kukata mawe, kumimina shaba. Kuhamisha kazi moja kulihitaji winchi na marafiki wengi.

Halafu ukaja mwisho wa 1997. Fedha ya Korea iliporomoka, na Desemba serikali ikatia saini mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa. Makampuni yalifilisika, wazazi wakafukuzwa kazi, na mapema 1998 mamilioni ya watu walipanga foleni kutoa pete na mikufu yao ya dhahabu ili iyeyushwe kulipia deni la taifa. Sidai kwamba foleni zile zilimfundisha Gwon kuchonga. Ila ni katika mwaka huohuo wa 1998, akiwa bado mwanafunzi, ndipo alipoanza kutengeneza sanamu zisizohitaji jiwe wala shaba. Alitaka sanamu nyepesi, inayoweza kubebwa. Malighafi yake ikawa karatasi ya picha.

Utaratibu wake ni wa kuchosha, na nataka ueleweke vizuri, maana uzuri wa kazi umo humo. Mtu anasimama. Msanii anamzunguka na kumpiga picha kipande kwa kipande, kwa ukaribu: kidole, kiwiko, kisigino, sikio, mkunjo wa suruali, nyuma ya goti. Mamia ya picha husafishwa. Kisha hukatwa na kuunganishwa kufuata umbo la mwili, kila kipande mahali pake, mpaka mtu yule anarudi kuwa mzima kwa urefu wake halisi. Baadhi ya kazi za mwanzo hazikuwa na kiini ndani. Karatasi yenyewe ilishika umbo, na ndani mlijaa hewa. Mojawapo, ya mwaka 1999, inaonyesha mapacha, na jina lake linataja hesabu ya picha zilizoijenga: 420.

Wazungu walikuwa wamejaribu ndoa ya kamera na sanamu zamani. Katika miaka ya 1860 mchongaji wa Paris, François Willème, alimkalisha mteja katikati ya chumba cha duara kilichozungukwa na kamera 24, zikampiga kwa pamoja. Kila kivuli kilifuatishwa kwa mkono wa chombo uliokata udongo, vipande vikaunganishwa, sanamu ndogo ikatoka. Biashara ile haikufika mbali. Mwisho wa muongo huo studio ilikuwa imefungwa. Mwaka 1970 nako, jumba la MoMA la New York lilikusanya wasanii waliokunja na kurundika picha, maonyesho yakaitwa "Photography into Sculpture". Lakini Willème aliitumia picha kama kipimo na mwishowe akaificha. Yeye alikuwa anauza udongo. Gwon aliiacha picha ionekane, ikawa ngozi.

Na ngozi hiyo haidanganyi kuwa ni nzima. Jicho la kulia lilipigwa sekunde kadhaa kabla ya la kushoto, pengine kichwa kikiwa kimeinama kidogo. Mwanga uliopiga bega si uleule uliopiga kiuno. Vipimo vya vipande viwili jirani havilingani sawasawa, ndipo mshono unapojitokeza, na pale kwenye mshono mwili unaonekana kutetemeka. Picha moja hukamata nukta moja ya wakati. Hapa una mamia ya nukta zilizobandikwa juu ya mwili mmoja, na ukimzunguka mtu huyo unazunguka muda wote aliosimama mbele ya kamera. Wachoraji wa Joseon walihesabu nywele ili wamfikie mtu mwenyewe. Gwon anahesabu picha, na kadiri zinavyozidi ndivyo mtu anavyozidi kupasuka mbele yako. Kwangu mimi hapo ndipo penye ukweli wa kazi hii kuhusu watu wa mji mkubwa, ambao sura zao zimesambaa kwenye kitambulisho, kwenye simu, kwenye kamera za vituo vya treni.

Mfululizo huo aliuita "Deodorant Type". Jina lilitokana na tangazo la dawa ya kuzuia harufu ya kwapa, bidhaa ambayo makampuni ya nje yalihangaika kuiuza Korea. Wakorea wengi mno wana umbile la kurithi linalofanya jasho la kwapa lisinuke, kwa hiyo tangazo liliwaletea tiba ya ugonjwa wasiokuwa nao. Gwon alivutiwa na namna dawa ile inavyofanya kazi: huleta harufu nyingine juu ya ile iliyopo. Sanamu zake nazo hukaa kati ya kitu na kile kilichokifunika. Wakosoaji wengi wameifanya habari hiyo ya kwapa kuwa ufunguo wa kila kitu. Naona wameipa uzito kupita inavyostahili; ni jina zuri, basi.

Alihitimu shahada ya kwanza mwaka 2000 na ya uzamili 2004, hapohapo Hongik. Njiani alianza mfululizo mwingine, "The Flat". Alikata picha za saa, vito na vipodozi kutoka kwenye matangazo ya magazeti ya fahari, akazitegemeza kwa waya nyembamba ili zisimame sakafuni kama majani, mamia kwa mamia, kisha akapiga picha uwanja mzima na kuusafisha kwa ukubwa wa ukuta. Kitu kilikuwa picha, kikasimama kama sanamu, kikarudi kuwa picha. Katika mfululizo uitwao "The Sculpture" akaenda upande wa pili kabisa: magari ya kifahari na pikipiki za mbio, zimefinyangwa kwa mkono, zikamiminwa kwa shaba na kupakwa rangi. Alama za vidole zinabaki kwenye bodi ambazo kiwandani zingeng'aa kama kioo. Aliyekimbia uzito aliurudia kwa hiari yake, na akautumia kutengeneza kitu ambacho kazi yake ni mwendo kasi.

Mwaka 2008 ulimtoa nje ya mipaka. Jumba la sanaa la Manchester, Uingereza, lilionyesha sanamu zake za picha, na Oktoba mwaka huo bendi ya Kiingereza Keane ikatoa albamu ya "Perfect Symmetry", ambayo jalada lake lina sanamu alizozitengeneza za wanamuziki wenyewe. Watu wengi ambao hawajawahi kukanyaga jumba la sanaa waliiona kazi ya Gwon kwa mara ya kwanza wakiwa dukani. Tena waliiona kama picha ya sanamu ya picha.

Kufikia hapo ndani ya sanamu palikuwa pamebadilika. Hewa ilipewa mbadala wa stairofomu ngumu, iliyochongwa kwanza kuwa mwili, picha zikabandikwa juu, na mwisho kupakwa epoksi inayozilinda na kuzipa mng'aro. Kazi zilibaki nyepesi, lakini sasa zilikuwa imara, na uimara ulimpa uhuru wa mikao. Watu wake walianza kujipinda kama watakatifu wa makanisa ya Ulaya: kiuno kimeenda huku, mabega kule, mkono umeinuliwa, wanyama miguuni. Mwaka 2015, katika maonyesho ya "Peaceminusone" kwenye Jumba la Sanaa la Jiji la Seoul, alimtengeneza mwanamuziki G-Dragon katika umbo la kale la malaika Mikaeli akimkanyaga shetani. Malaika ana uso wa G-Dragon. Shetani naye ana uso wa G-Dragon. Mashabiki wengi waliofika pale walimfuata mwimbaji wao, na wakajikuta mbele ya hoja ya karne nyingi kuhusu sura na ibada. Kijana anayeijua kila picha ya nyota wake kwenye simu alikutana nazo zote zikiwa zimevaa mwili mmoja.

Mwaka 2014 ulikuwa umeanza mfululizo wa "New Structure", ambamo picha zilizokuzwa kutoka magazeti ziliwekwa kwenye mabamba bapa na kuchomekana, kufuata mfano wa sanamu zisizotembea za Mmarekani Alexander Calder. Ni kazi safi, zinapendeza chumbani, na mimi sina la kuzungumza nazo kwa muda mrefu. Zimekosa mtu. Bamba halina nyuma ya goti, halina kisigino, halina sehemu ambayo kamera ililazimika kuinama kuifikia.

Kwa sababu hiyohiyo naziweka kazi za miaka ya 1998 na 1999 juu ya zote zilizofuata, hata zile zenye majina makubwa. Stairofomu inajua umbo kabla ya picha. Msanii kisha anavisha kilichokwisha kuwepo. Katika zile zenye uwazi hakuna kilichotangulia. Kama mkono umekaa vibaya ni kwa sababu picha zimekaa vibaya, na kama mtu amesimama ni kwa sababu karatasi ya bega imekubali kuishika karatasi ya shingo. Kuna makunyanzi, kuna viungo vilivyobonyea, uwiano wa mwili unayumba. Rangi ya karatasi ya aina ile hufifia ikipigwa na mwanga mwingi, kwa hiyo majumba yanayozimiliki yana kazi ngumu kuliko yenye graniti: taa hafifu, mapazia, miezi mirefu stoo. Wafanye hivyo bila kuona ni usumbufu. Mapacha wale wa picha 420 ni kazi ya mwanafunzi aliyeamini kwamba uso wa vitu, ukikusanywa kwa subira ya kutosha, unaweza kusimama wenyewe, na akaujengea mwili wa watu wawili bila kuweka kitu ndani.